Shughuli za bure katika kampasi za vyuo Unguja na Pemba: sisi tusio wanafunzi tunaingiaje?

Katibu wa Kikundi (Micheweni) ameuliza:

Assalaamu alaykum ndugu zangu wa jukwaa hili.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akinamama na vijana katika shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Wanachama wetu wengi wanalima mwani, wachache wanafuga kuku na wengine wanashona. Wapo waliomaliza kidato cha nne, wapo waliopitia kisomo cha watu wazima tu, na wapo mabibi ambao hawakupata kukaa darasani lakini ndio wanaoijua kazi ya pwani kuliko sisi sote.

Mara kwa mara nasikia kwamba chuo fulani kimefanya siku ya upimaji wa afya bila ya malipo, au kongamano lililokuwa wazi kwa kila mtu, au mafunzo mafupi ya kompyuta na biashara ndogo ndogo kwa wananchi. Tatizo ni kwamba habari hizo hunifikia baada ya shughuli kwisha, kwa njia ya picha zinazotumwa katika makundi ya simu, na katika picha hizo ninaowaona ni wanafunzi pamoja na wageni rasmi waliokaa mstari wa mbele, ilhali watu wa kijiji kilichopakana na chuo hicho hawamo.

Mwaka jana tulijaribu kwenda. Tulisikia redioni kwamba kampasi moja itakuwa na mhadhara wa wazi kuhusu mabadiliko ya tabianchi na hali ya pwani zetu, jambo ambalo linatugusa moja kwa moja kwa sababu mwani wetu unaoza maji yakipata moto. Tukachanga nauli, tukaondoka akinamama kadhaa na vijana wawili watatu. Getini mlinzi alituuliza kadi za mwaliko, na tangazo la redio halikuwa limetaja kadi yoyote. Tulisimama chini ya mwembe mpaka mwalimu mmoja aliyekuwa akipita akauliza habari zetu na kutuingiza. Ukumbi ulikuwa na nafasi tele. Mzungumzaji alikuwa Mzanzibari kama sisi, lakini alizungumza Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, na maandishi yaliyoonyeshwa ukutani nayo yalikuwa ya Kiingereza. Bibi mmoja katika msafara wetu, aliyelima mwani tangu ujana wake, alirudi nyumbani bila ya kuuliza hata swali moja, na maswali alikuwa nayo, kwa sababu njiani alitutajia yote.

Sikitaji chuo hicho kwa sababu sitaki kumuumbua mtu, na yule mwalimu aliyetuingiza alitufanyia ihsani kubwa. Ninachoomba ni kuelewa utaratibu wenyewe. Shughuli ikitangazwa kuwa ya wazi, je, mwanakijiji ana haki ya kuingia bila ya kadi? Habari za shughuli hizi tuzitafute wapi kabla hazijapita? Na je, kikundi kama chetu kinaweza kukiomba chuo kituandalie kitu tunachokihitaji sisi, badala ya kungojea kile ambacho chuo kimekiamua? Sisi tuko karibu zaidi na kampasi ya Mchanga Mdogo hapa Pemba kuliko ile ya Tunguu huko Unguja, kwa hiyo majibu yanayohusu Pemba yatanifaa zaidi, ingawa ya Unguja nayo nitayapokea kwa shukurani.

Mtumishi wa Chuo (Unguja) amejibu:

Wa alaykumu salaam, katibu. Nafanya kazi katika ofisi ya utawala ya kampasi moja hapa Unguja, na barua za maombi kama yenu hupitia mikononi mwangu. Nitajibu kwa kile ninachokijua kutokana na kazi, bila ya kukisemea chuo chochote.

Kwanza jueni kwamba mnapokwenda chuoni hamwendi kuomba hisani. Chuo kikuu kina kazi ya kufundisha, kina kazi ya kutafiti, na kina kazi ya kuihudumia jamii inayokizunguka. Kazi hii ya tatu imo katika mipango ya vyuo vyenyewe, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo husimamia vyuo vikuu vya Bara na vya Zanzibar, huitazama inapokagua. Mwisho wa mwaka kila idara huulizwa imewafanyia nini wananchi. Ukweli ni kwamba idara nyingi hupata taabu ya kujibu swali hilo, kwa sababu walimu wana vipindi vingi na mitihani ya kusahihisha, na hakuna aliyewaendea na ombi lililo wazi. Kikundi kinachokuja na barua nzuri huwa kimewarahisishia kazi.

Ama kuhusu mlango, tofautisheni kongamano na mhadhara wa wazi. Kongamano la kitaaluma mara nyingi lina orodha ya washiriki, chakula kilichohesabiwa na pengine ada ya kushiriki, kwa hiyo mlinzi akiuliza kadi anafuata maagizo. Mhadhara wa wazi, maonesho ya kazi za wanafunzi, siku ya upimaji wa afya na uchangiaji wa damu havina kadi. Hata hivyo mlinzi hajui kilichosemwa redioni. Anajua karatasi aliyopewa asubuhi. Ndiyo maana nawashauri wananchi wapige simu ofisini siku moja au mbili kabla, waseme wanakuja watu wangapi, na waombe jina la kikundi chao liandikwe getini. Kila mtu achukue kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi. Jambo hili dogo huondoa usumbufu wote uliowakuta chini ya ule mwembe.

Kuhusu wapi mwende, inategemea mnataka nini, na hapa watu wengi hukosea njia. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001 kikiwa kidogo, lakini baadaye taasisi kadhaa za serikali ziliunganishwa nacho, na leo kampasi zake zimetawanyika. Tunguu ndiko makao makuu. Mambo ya afya yako Mbweni, utalii uko Maruhubi, kilimo kiko Kizimbani, ualimu uko Nkrumah kule Beit el Ras, lugha ziko Vuga, na kwa upande wa Pemba ipo Kampasi ya Benjamin Mkapa hapo Mchanga Mdogo, ambayo asili yake ni chuo cha ualimu. Mtu akitaka mafunzo ya ufugaji wa kuku halafu akaandika barua kwenda Vuga, barua itazunguka meza kwa meza mpaka ichoke. Nje ya SUZA wapo Chuo Kikuu cha Zanzibar cha Tunguu, Chuo Kikuu cha Sumait kilichopo Chukwani, Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iliyopo Mbweni, Kampasi ya Karume ya Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyopo Bububu, na Chuo Kikuu Huria. Kwa mambo ya bahari, nendeni moja kwa moja Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iko hapa Unguja tangu 1978 na sasa iko Buyu.

Kwa kikundi chenu, hata kama anayefaa kuwafundisha yuko Mbweni au Buyu, barua ya kwanza iandikeni kwa Mkuu wa Kampasi ya Mchanga Mdogo. Yeye ndiye mwenye ukumbi ulio karibu nanyi, na ndiye anayeweza kuwaandikia wenzake wa Unguja akasikilizwa haraka kuliko nyinyi.

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja. Ielezeni shehia yenu, wanachama wenu ni wangapi na wanafanya kazi gani, kisha taja jambo moja tu mnalolitaka. Nimeona barua zinazoomba elimu ya ujasiriamali, afya, mazingira, kompyuta na haki za wanawake kwa pamoja. Hizo hukaa katika faili kwa sababu hakuna idara moja inayoweza kuzibeba. Sheha aipitishe kwa saini na muhuri, na nakala ipelekwe ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Chini muweke namba mbili za simu, kwa kuwa namba moja ikizimwa barua imekufa.

Mwalimu wa Sekondari (Wete) amejibu:

Namshukuru mtumishi wa chuo kwa maelezo yake, na nayakubali karibu yote. Pale anaposema kwamba taabu kubwa ni wananchi kutokuja na barua, ndipo nisipokubaliana naye. Barua itafungua geti. Haitabadilisha siku, saa wala lugha, na kwa uzoefu wangu wa kuwapeleka wanafunzi na wazazi katika shughuli za namna hii, hayo matatu ndiyo yanayowafukuza watu.

Vyuo hupanga shughuli zao kwa kalenda ya masomo. Mwananchi wa Pemba ana kalenda yake. Karafuu ikiiva, mtu anayechuma mchana huchambua makonyo usiku huohuo, na asubuhi lazima aianike, na lazima awepo mtu nyumbani wa kuanua jamvi mvua ikitia kiwingu. Ukiwaita watu hao ukumbini saa tatu asubuhi katikati ya msimu, watakaokuja ni wale wasio na shamba wala kibarua. Halafu ipo tabia ya kuweka shughuli siku ya Ijumaa asubuhi na kuirefusha mpaka adhana ya adhuhuri, watu wakaondoka kabla ya maswali, na maswali ndiyo yenye faida. Katika mwezi wa Ramadhani, shughuli ya baada ya tarawehe hujaza watu, lakini ni nadra kuona chuo kikipanga hivyo kwa sababu ofisi zimeshafungwa na umeme wa ukumbi una mwenyewe.

Kuhusu lugha sioni udhuru wowote. Hapa ndipo Kiswahili kilipo. Vuga ilikuwapo Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni tangu miaka ya mwisho ya sabini, kabla SUZA haijazaliwa, na wageni kutoka Ulaya, Marekani na Asia wamekuwa wakija huko kujifunza lugha yetu. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na kila mwaka tunaiadhimisha kwa hotuba na mashairi. Mwalimu wa chuo aliyekulia Gando au Kojani hashindwi kueleza kwa Kiswahili kwa nini maji ya bahari yanapata joto. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba waliokaa mbele yake safari hii ni wakulima wa mwani, kwani vitabu alivyosomea na ripoti anazoandika zote ni za Kiingereza, naye huzungumza kama alivyoandika. Basi katika barua yenu, katibu, andikeni sentensi moja isiyo na utata: tunaomba mazungumzo yawe ya Kiswahili, na kama mgeni hajui Kiswahili, tunaomba awepo mkalimani. Wanafunzi wa ualimu wanaosomea Kiswahili hapo Mchanga Mdogo wataifanya kazi hiyo kwa furaha, nayo itawafaa katika masomo yao.

Lipo na suala la posho, ambalo watu huona haya kulizungumza. Miradi mingi iliyopita katika vijiji vyetu ilikuwa ikigawa bahasha mwisho wa kikao, mpaka baadhi ya watu wakazoea kuuliza bahasha kabla ya kuuliza mada. Vyuo havina fedha hizo, na mimi naona afadhali visiwe nazo, kwa sababu aliyekuja kwa bahasha huondoka nayo na elimu akaiacha kitini. Lakini nauli ya mama kutoka Kiuyu Mbuyuni au Maziwa Ng'ombe kwenda na kurudi, pamoja na kazi ya siku nzima aliyoiacha, ni gharama ya kweli. Shughuli inayoitwa ya bure inamgharimu yeye kuliko inavyomgharimu mwanafunzi anayetoka dakhalia akavuka uwanja. Dawa yake naiona moja: chuo kije kwenu. Skuli zetu zina madarasa yanayobaki matupu mchana na mwisho wa wiki, na gari moja la chuo likiwaleta walimu watatu ni rahisi kuliko wanakijiji kumi na tano kuchanga nauli.

Mkulima wa Mwani (Paje) amejibu:

Assalaamu alaykum, hasa kwako dada katibu, kwa sababu kilio chako tumekilia na sisi.

Huku kwetu pwani ya mashariki ya Unguja mwani ulianza kulimwa kwa biashara mwaka 1989, na mimi niliukuta kwa mama yangu. Aina iliyokuwa na bei nzuri, ile tunayoiita kotonii, ilianza kufa maji ya karibu na ufukwe yalipozidi joto, ikawa inageuka nyeupe na kukatika vipande, na wengi tukabaki na spinosamu ambayo bei yake ni ndogo. Katika shida hiyo ndipo watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari walipotusaidia sana, na jina la Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti katika taasisi hiyo, linajulikana kwa wakulima wa mwani wa visiwa vyote viwili. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti, wanunuzi na serikali, na kutokana na juhudi hizo akinamama wakafundishwa kuuongezea mwani thamani: kuusaga unga, kutengeneza sabuni na mafuta ya kupaka, hata kuutia katika vyakula.

Nieleze jinsi mafunzo ya sabuni yalivyokuwa katika kikundi changu, kwa sababu naona ndani yake mna jibu la swali lako la tatu. Waalimu walikuja kwanza kututazama tukiwa kazini, wakauliza ni siku zipi hatuendi baharini. Tukawaeleza habari ya bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hutoka sana, na huku kwetu hutoka kuanzia asubuhi mpaka mchana, yakawa makavu kabisa karibu na saa nne au saa tano. Siku hizo ndizo za kufunga mbegu, kukaza kamba na kuvuna, na hakuna mkulima atakayeziacha kwa ajili ya semina hata umwahidi nini. Sasa tazama saa hizo: saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo kila ofisi hupenda kufungua mafunzo. Wakachagua siku za maji mafu, wakati ambapo bahari haitoki vya kutosha na sisi tuko nyumbani. Tulikuja wote, na mabibi wakaja na wajukuu.

Siku yenyewe hatukukaa kwenye viti kusikiliza. Tulipima mafuta ya nazi na kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, kwa mizani, tukavaa glavu, tukakoroga kwa zamu mpaka mchanganyiko ukawa mzito kama uji wa muhogo, tukatia unga wa mwani na mafuta ya karafuu, tukamimina katika kasha la mbao lililotandikwa nailoni. Mwalimu alisisitiza sana mizani, akasema kostiki ikizidi sabuni itababua ngozi. Kisha akatuambia tusiiguse mpaka ikae wiki kadhaa, naye akaahidi kurudi siku ya kuikata. Akarudi. Kurudi kwake ndiko kulikotufanya tuendelee, kwa sababu kundi la kwanza la sabuni lilitoka na nyufa, na kama asingekuwepo wa kutueleza sababu tungeacha siku hiyohiyo.

Kwa hiyo katika barua yako, dada, taja siku za maji mafu za mwezi mnaotaka, na omba mafunzo ya siku mbili zilizoachana. Jambo jengine, muulizeni mapema mwalimu kuhusu Taasisi ya Viwango Zanzibar, kwa sababu sabuni isiyokuwa na alama ya ubora mtaiuza kijijini tu na duka la mjini halitaipokea. Sisi tulilijua hilo baada ya kujaza makasha.

Mwalimu wa Wete ametaja chuo kuja kijijini, nami namuunga mkono. Lakini upo pia upande wa kijiji kumtuma mtu wake chuoni. Pale Kibokwa, Mkoa wa Kaskazini Unguja, Chuo cha Barefoot huwafundisha akinamama wa vijijini, hata wasiosoma sana, kufunga na kutengeneza taa za umeme wa jua, na wanaokwenda huchaguliwa na vijiji vyao, kisha hurudi kuwahudumia wenzao. Kikundi chenu kiwe tayari na jina la mtu kabla nafasi haijatangazwa.

Mhudumu wa Afya (Chake Chake) amejibu:

Naongeza machache kuhusu siku za upimaji wa bure, kwa kuwa ndizo zinazojaza watu kuliko shughuli nyingine zote. Mkiomba chuo kije kupima presha na sukari, ombeni pia kwamba kila aliyepimwa aandikiwe matokeo yake kwenye karatasi yenye jina, na kwamba kituo chenu cha afya kijulishwe siku hiyo ili mhudumu wake awepo. Nimewaona wazee waliopimwa, wakaambiwa presha iko juu, wakarudi nyumbani na khofu bila ya kujua waende wapi kesho yake.

Na kwa kichocho, ambacho watoto wa vijiji vyenye mito na mabwawa bado wanakipata, msihangaike kutafuta Unguja. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iko Wawi hapa Chake tangu mwaka 2000, na watafiti wake wamefanya kazi ya kichocho na minyoo kwa miaka mingi katika shehia za Pemba. Kampasi ikiandaa siku ya afya na ikawaalika wao, watoto wataonyeshwa konokono mwenyewe anayebeba ugonjwa huo, na mtoto aliyemwona konokono yule kwa macho yake hamsahau.

Mkaazi wa Tunguu amejibu:

Kwa wale wa Unguja wanaosoma mjadala huu: matangazo ya mihadhara ya Tunguu hubandikwa kwenye mbao za matangazo za ndani ya chuo na husambazwa katika makundi ya simu ya wanafunzi. Sisi majirani huyapata kwa watoto tuliowapangisha vyumba. Kila mwenye mwanafunzi nyumbani au jirani amwombe ampelekee tangazo sheha, na sheha alisome msikitini baada ya sala. Njia hiyo haina gharama, na hapa kwetu imeshaleta watu.

Katibu wa Kikundi (Micheweni) ameandika tena:

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Jana jioni niliwasomea wenzangu majibu yenu, na mazungumzo yakawa marefu. Wengi walitaka tuombe sabuni. Yule bibi niliyemtaja akasema sabuni ije baadaye, kwanza apatikane mtu wa kutueleza kwa nini mwani wa kina kirefu unapona na wa karibu unakufa, kwa sababu bila ya mwani hata sabuni haitakuwepo. Tumekubaliana naye. Tutaomba jambo hilo moja, kwa Kiswahili, siku za maji mafu, katika skuli yetu, na mtaalamu arudi mara ya pili tukiwa tumeshajaribu alichotufundisha. Sheha amekubali kuipitisha barua, na Redio Jamii Micheweni tutawaomba watutangazie siku ikishapangwa ili wakulima wa shehia za jirani nao waje.

Limebaki swali moja kwa mtumishi wa chuo. Wengi wetu si waogeleaji na hatuna boti. Ikiwa mtaalamu atasema tuhamie kina kirefu, je, ni adabu kumuuliza chuo kitatusaidiaje, au tutaonekana tumegeuza elimu kuwa ombi la msaada?

Mtumishi wa Chuo (Unguja) amejibu:

Ulizeni, na ulizeni mapema, ndani ya barua yenyewe. Andikeni hivi: wanachama wetu wengi ni wanawake wasiojua kuogelea na wasiokuwa na vyombo, kwa hiyo tunaomba mtaalamu aje na njia inayowezekana kwa watu wa hali hiyo. Mtaalamu akiisoma sentensi hiyo kabla ya kuvuka bahari atajiandaa vyengine, na pengine atamwalika mwenzake wa uvuvi, au atazungumza na idara ya serikali inayoshughulikia uchumi wa buluu kabla ya kufika kwenu. Mkilisubirisha swali hilo mpaka mwisho wa mhadhara, atajibu kwamba ni swali zuri na atalifanyia kazi, kisha boti ya Mkoani itamngojea.

Barua ikiwa tayari, ipelekeni kwa mkono Mchanga Mdogo, muombe igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, na muulize jina la afisa atakayeifuatilia. Kama wiki mbili zitapita bila ya jibu, mtumeni mtu arudi na nakala hiyo yenye muhuri, azungumze na afisa huyohuyo. Mjadala huu usifungwe, katibu. Tujulishe tarehe ikipangwa, kwa sababu wapo watu wa Tumbe na Msuka wanaousoma ambao nao wangependa kuhudhuria.